Ufukwe wa Kwa Bibi Haukuwa Mpaka wa Ziwa

Tangu Ziwa Victoria lilipofurika mwaka 2020, na kisha kupanda tena mwaka 2024, kuna kauli moja inayojibu kila swali: "Maji hayajawahi kufika hapa." Inasemwa kwenye mikutano ya vijiji, inasemwa mbele ya kamera na watu ambao milango ya nyumba zao imezama nusu, na inasemwa kwa uhakika zaidi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia na watu ambao hawaishi ziwani kabisa. Hawa wa mwisho ndio ninaotaka kuzungumza nao, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Ni sisi watoto wa mjini tuliopelekwa kwa bibi au kwa mjomba kila shule zilipofungwa, tukaogelea hadi macho yakawa mekundu, tukavua kwa ndoano, kisha tukarudishwa Dodoma, Arusha au Nairobi. Ufukwe tulioukariri wakati ule leo tunautoa kama ushahidi. Mtumbwi ulikuwa ukifungwa pale, mkuyu ulikuwa huku, na sasa maji yamefika jikoni. Kwa hiyo ziwa limevamia.

Sisemi kwamba kumbukumbu hizo ni za uongo. Ninachosema ni kwamba zinashuhudia kipindi kimoja tu cha ziwa, tena kipindi ambacho lilikuwa likirudi nyuma, na sisi tukadhani pale lilipokuwa limefika siku tulipolikuta ndipo kwake pa siku zote. Mwaka 2020 ziwa lilifika pale lilipokuwa mwaka 1964. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua nani aitwe mvamizi, nani alipwe fidia, viwanja vipimwe kutoka wapi, na wajukuu wetu wajenge wapi. Tukikosea hapo mwanzo, yote yanayofuata yatakosewa.

Tuanze na historia, maana ipo na imepimwa. Kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikisomwa kule Jinja, Nile inapotokea, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyofuata ziwa lilipanda na kushuka kwa kiasi, likiwa na vilele vya 1906 na 1917. Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa 1961. Wazee wengi wa Tanganyika wanazikumbuka kirahisi kwa sababu zilinyesha mwezi uleule bendera mpya ilipopandishwa, na kwa upande wa Kenya mafuriko yale yalibaki na jina la Uhuru. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, huu unaopakana nasi, ulikuwa na joto kuliko upande wa mashariki, na hali hiyo ikijitokeza mvua za vuli Afrika Mashariki huwa nyingi kupita kawaida. Ndani ya takriban miaka miwili na nusu, hadi katikati ya 1964, ziwa lilipanda kwa kama mita mbili na nusu. Mialo, yaani sehemu za kutua mitumbwi, ilihama. Mashamba ya kando ya ziwa yakawa makazi ya matete na mafunjo. Ramani nyingi za pwani ya ziwa zilipoteza maana.

Kuanzia hapo ziwa lilianza kushuka, polepole na kwa kupandapanda. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliinua maji tena kwa zaidi ya mita moja na nusu, lakini hayakufika pa 1964, na baada ya miaka michache yakarudi chini. Mwaka 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Ukitazama mchoro wa miaka hiyo kwa mbali, kuanzia 1964 hadi 2006 ni mteremko mmoja mrefu wenye matuta. Sasa chukua umri wa wanaosema leo kwamba maji hayajawahi kufika hapa. Aliyezaliwa 1975 alianza kuwa na akili ya kukumbuka ufukwe karibu 1980. Aliyezaliwa 1990 anakumbuka ufukwe wa miaka ya mwisho ya tisini na ya elfu mbili mwanzoni. Wote wawili wamezaliwa ndani ya mteremko huo. Hakuna hata mmoja wao aliyeliona ziwa likiwa limejaa kama wazazi wao walivyoliona, na yule mdogo zaidi alilikuta likielekea kwenye upungufu wake mkubwa.

Mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly alilieleza jambo linalofanana na hili mwaka 1995, akizungumzia samaki: kila kizazi huchukua hali ya bahari iliyokuwapo kilipoanza kazi kama hali ya kawaida, na kupima hasara kuanzia hapo. Kwa Ziwa Victoria mfano uko wazi hata bila kwenda kwenye kina cha maji. Mtoto wa miaka ya hamsini alikula furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, na hakumjua sangara. Mtoto wa miaka ya tisini alimkuta sangara ametawala, furu wengi wametoweka, na gugumaji limeziba ghuba, na bado akiwa mtu mzima anasimulia "ziwa lilivyokuwa zamani" akiwa na maana ya ziwa lile lile la sangara na gugumaji. Hadithi ya Pauly ilikuwa ya mali inayopungua bila watu kutambua. Yetu ni kinyume chake kwa namna fulani: ardhi ilikuwa ikiongezeka bila sisi kutambua, kila mwaka hatua chache za mchanga mpya, na tukaihesabu kuwa ya ukoo.

Kumbukumbu ya mgeni ina kasoro nyingine ambayo mwenyeji hana. Sisi wa likizo tulifika Juni na Desemba. Kila mwaka ziwa lina mwendo wake, hujaa baada ya masika na kupungua kuelekea vuli, kwa tofauti inayoweza kufika kina cha goti. Mvuvi anayeshinda mwaloni anaijua tofauti hiyo kwa mwili wake. Mtoto wa likizo anaona vipande viwili vya mwaka, navyo anavikumbuka kwa kuvipima na kimo chake mwenyewe, ndiyo maana kila aliyerudi ukubwani anashangaa kwamba njia ya kwenda majini ni fupi kuliko alivyodhani. Ukiongeza hapo kwamba zile zilikuwa siku za raha, siku ambazo hakuna aliyemtuma dukani wala kumuuliza juu ya hesabu, unapata ushahidi wenye upendo mwingi na vipimo vichache.

Nitoe mfano mmoja wa nyumbani, kisha niuache. Kwa bibi yetu, upande wa Musoma, nyumba ilikuwa juu, kwenye mteremko wenye mawe, na sisi watoto tulikuwa tukilalamika kwa umbali wa kuteka maji. Wajomba walipokuja kujenga mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, walijenga chini, penye mchanga mwepesi kuchimba na upepo mzuri, wakacheka uzee wa mama yao. Mwaka 2020 maji yaliingia kwa wajomba na hayakukaribia kwa bibi. Ni rahisi kusema bibi alikumbuka 1964, naye alikuwa mtu mzima mwaka huo. Lakini nisimsemee marehemu. Huenda alikaa juu kwa kuogopa mbu, viboko na mamba tu, jambo ambalo lingekuwa sababu tosha. Ninachoweza kusema ni kwamba katika boma moja kulikuwa na taarifa mbili juu ya ziwa, moja ya 1964 na nyingine ya miaka ya tisini na kuendelea, na wakati wa kujenga iliyosikilizwa ni ile changa.

Sasa tuzipime hoja zinazogombana. Ya kwanza inasema kwamba haya yote ni mageni, kwamba mabadiliko ya tabianchi yameleta ziwa jipya na historia haina la kutufundisha. Hoja hii ina uzito na sitaidharau. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2024 uliangalia hasa kupanda kule kwa miezi sita kuelekea Mei 2020, ambapo ziwa lilipanda mita 1.21. Uligundua kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa tukio kama hilo kwa mara 1.8 hivi. Lakini utafiti huohuo ulikadiria kwamba mchango wake katika kimo chenyewe cha maji ulikuwa takriban sentimita 7. Watu hupenda kuchukua moja ya takwimu hizi na kuacha nyingine. Ukizichukua zote mbili, picha ni hii: mafuriko ya aina hii yalikuwapo kabla, yangetokea hata bila moshi wa viwanda, ila sasa tuyatarajie mara nyingi zaidi. Anayesema "ni tabianchi" kama njia ya kusema hakuna aliyeweza kujua, anajificha nyuma ya sentimita saba na kuiacha mita nzima nyuma yake.

Ya pili ndiyo dhaifu kuliko zote, lakini ndiyo inayosikika sana vijiweni kwa sababu ina mtu wa kulaumiwa: kwamba Uganda imefunga mabwawa ya Jinja, na kwamba wakifungulia maji yatashuka wiki ijayo. Hoja hii ina mzizi wa kweli, nao ni wa kule kwenye upungufu. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilikamilika 1954 na kuanzia hapo Nile haitoki kwa hiari yake. Maji huachiwa kwa kufuata makubaliano yanayoiga mtiririko wa asili. Baada ya mitambo ya umeme ya Kiira kuongezwa jirani na bwawa hilo kuanzia mwaka 2000, maji yaliachiwa kuliko makubaliano yalivyoruhusu, na wachambuzi wa mwenendo wa miaka ya 2004 hadi 2006 waliona kwamba takriban nusu ya kushuka kule ilitokana na maji kuachiwa kupita kiasi, nusu nyingine ikiwa ukame. Kwa hiyo ndiyo, mkono wa binadamu pale Jinja unaweza kulisogeza ziwa. Lakini fanya hesabu ya upande wa pili. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sentimita moja tu ya maji juu ya eneo hilo ni karibu mita za ujazo milioni 690. Hata ukiachia mita za ujazo 2,000 kila sekunde, ambazo ni nyingi kwa mto huo na huwatishia mafuriko walioko chini yake, sentimita moja inakuchukua siku nne. Mita moja inakuchukua zaidi ya mwaka, ukiacha kabisa mvua na maji yanayopaa kama mvuke. Na mvua ndiyo mambo yote: kama asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani yanaanguka moja kwa moja kutoka mawinguni, si kutoka kwenye mito. Ni beseni kubwa lililowekwa nje kwenye mvua likiwa na tundu dogo pembeni. Aprili 2020, wakati watu wakisema Jinja wamefunga, kisiwa cha magugu kilichong'olewa na maji mengi kilikwenda kuziba mitambo ya umeme pale pale na kuitia Uganda gizani. Hawakuwa wakilitawala ziwa siku ile.

Hoja ya tatu ni ya serikali zetu na ya watu wengi wenye hasira mjini: kwamba walioathirika ni wavamizi, walijenga ndani ya eneo lililokatazwa, na ziwa limedai chake. Nusu ya hoja hii ni ileile ninayoitetea, kwamba ziwa lilikuwa pale kabla. Ndiyo maana inanilazimu nijitenge nayo waziwazi. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni ni ya mwaka 2004. Katika miaka ya sabini serikali yenyewe ilihamisha watu kwa mamilioni katika Operesheni Vijiji, na vijiji vilipangwa kwa kufuata barabara, maji na maeneo ya wazi, sio kwa kufuata alama za mafuriko ya muongo uliotangulia. Mwaka 2020 waliozamishwa hawakuwa wavuvi peke yao. Magati ya umma yalizama, barabara zilikatika, hoteli zenye vibali zilijaza viroba vya mchanga. Kama wataalamu wa serikali tatu wenye vipimo vya Jinja mezani walijenga magati kwa kudhani ziwa litakaa lilipokuwa, kwa haki gani tunamdai mama wa dagaa awe na kumbukumbu ndefu kuliko wao? Neno "mvamizi" linahitaji mpaka uliojulikana, nao haukujulikana hata kwa walioandika sheria.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na mijadala mingi hupita juujuu tu. Sheria zetu zinapima umbali kwa kwenda mbele wakati ziwa linakwenda juu. Mita 60 kutoka ufukweni: ufukwe wa lini? Wa 1964, wa 2006, au wa asubuhi hii? Kati ya kiwango cha chini cha 2006 na cha juu cha 2020 kuna karibu mita tatu za wima. Pale Mwanza penye majabali yanayotumbukia majini, mita tatu hizo hazikuondoi hata kibarazani. Lakini penye mbuga tambarare, ambapo ardhi hupanda mita moja kila mita 100, mita tatu za wima ni mita 300 za nchi kavu. Mtu aliyejenga mwaka 2006 akiwa ametii sheria na kuongeza umbali mara tatu ya unaotakiwa bado angeamka na maji kitandani. Uganda, ambako kanuni za mwaka 2000 ni kali zaidi kwa kutaka mita 200, umbali unapimwa kutoka alama ya maji yakiwa chini, kwa hiyo kwenye ardhi ya namna hiyo eneo lote la hifadhi linaweza kuwa ndani ya ziwa. Kenya ilikaribia wazo sahihi zaidi katika kanuni zake za maji za 2007, kwa kuanzia kwenye kiwango cha juu kabisa kilichowahi kurekodiwa na kutaja kimo cha wima pamoja na umbali. Kisha ikaliharibu kwa kusema kifuatwe kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Kuna wanaojibu kwamba basi tuache habari za kumbukumbu kabisa, tutumie vipimo na setelaiti. Ninawaelewa, na kwa swali la ziwa lilikuwa na kina gani mwaka fulani, rula ya Jinja inamshinda bibi wa mtu yeyote. Lakini rula iko Jinja. Haisemi maji yalipita wapi katika kijiji cha Ukerewe, yalizunguka kilima kipi kule Usenge upande wa Kenya, yaligeuza bonde gani kuwa ghuba kule Kasensero upande wa Uganda. Mwaka 1964 hapakuwa na setelaiti za kufuatilia ziwa kama za leo. Taarifa ya namna hiyo iko kwenye vichwa vya watu ambao wakati ule walikuwa na miaka kumi au ishirini, yaani leo wana zaidi ya sabini. Kumbukumbu zao nazo ni za utotoni, zina mapungufu yaleyale ya zetu. Tofauti ni kwamba mkitembea nao hadi pale wanapopaonyesha, kimo cha mahali hapo kinaweza kupimwa na kulinganishwa na rekodi. Mzee akisema mtumbwi ulifungwa kwenye jiwe hili, jiwe bado lipo. Akikosea, kipimo kitamuumbua. Akipatia, umepata mstari ambao hakuna ofisi yenye nao. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, inahitaji vijana wenye vifaa vya kupimia na wazee walio hai. Hili la pili ndilo lenye muda mfupi.

Ziwa Tanganyika linatoa ushahidi kwamba jambo hili si la Victoria tu. Mnara wa Ujiji, unaoadhimisha Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, uliwekwa kwa heshima ya mahali palipokuwa jirani na maji. Mgeni wa leo husimama pale akilitafuta ziwa kwa macho. Katika miaka ya 1870 Tanganyika lilikuwa limejaa hadi kufurikia mto Lukuga, njia yake ya kutokea upande wa Kongo, ambao ulifunguka na kulishusha kwa mita nyingi. Kigoma na Bujumbura za kando ya maji zilikua juu ya ardhi iliyoachwa baada ya hapo, na katika miaka hii ya 2020 maji yalipoanza kuirudia, watu walishangaa kwa maneno yaleyale ninayoyasikia Musoma.

Kuna upande mmoja wa kumbukumbu za likizo ambao hauzungumzwi, labda kwa sababu unatuhusu sisi wenye kuandika na kusoma makala. Watoto wale wamekua, wamepata mishahara, na wanataka kurudi. Viwanja vya kando ya ziwa vinavyotangazwa leo kama "bichi" havinunuliwi na wavuvi. Vinanunuliwa na watu wenye kumbukumbu ya mtumbwi, moshi wa samaki na sauti za mawimbi usiku, ambao wako tayari kulipa ili watoto wao nao wapate hayo. Sioni kosa katika tamaa hiyo. Ninayo mimi mwenyewe. Lakini angalia inavyofanya kazi. Bei hupanda kadiri kiwanja kinavyokaribia maji, na mjukuu wa mjini hujenga ukuta wa zege kulinda ufukwe alioukumbuka, ukuta ambao mara nyingi husukuma mawimbi kwa jirani. Maji yakija, mwenye nyumba ya likizo anapoteza nyumba ya pili, na mwenyeji anapoteza ya pekee, na ni huyu wa pili anayeitwa mvamizi kwenye taarifa ya habari. Familia nyingi sasa zinagombana juu ya nani arithi kiwanja cha chini, kwa kuwa ndicho chenye thamani sokoni. Kwa hesabu ya miaka sitini iliyopita, anayepewa cha juu ndiye aliyependelewa.

Kuhusu fidia msimamo wangu unafuata hapohapo. Aliyejenga kabla ya sheria, au aliyepangiwa kijiji na serikali, au aliyepewa hati na mamlaka iliyokuwa na vipimo na haikuvitumia, anastahili kusaidiwa kuhama, na kusaidiwa kwa ardhi ya juu, sio kwa turubai. Aliyenunua kiwanja cha starehe baada ya 2020 akiwa ameona kila kitu kwenye simu yake, huyo abebe hasara yake. Najua mstari huo utawaumiza baadhi ya watu ninaowafahamu. Bado ni wa haki kuliko huu wa sasa, ambapo wote huitwa wavamizi siku ya mafuriko na wote huachwa warudi siku maji yakipungua.

Na maji yatapungua. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko kupanda kwenyewe. Ziwa lililopanda mita moja kwa miezi sita halitakaa juu milele. Baada ya 1964 lilichukua miongo kushuka, safari hii linaweza kuchukua miaka kumi au thelathini, lakini mkondo wake ni huo. Kila mwaka wa kushuka utafichua ardhi nyeusi yenye rutuba ambayo sheria haisemi wazi ni ya nani, na mtoto atakayezaliwa mwaka kesho atapelekwa likizo kwa bibi yake kwenye ufukwe huo mpya, ataupenda, na ataukariri. Mistari ya kimo inapaswa kuwekwa sasa, wakati alama za maji bado zinaonekana kwenye kuta na hakuna mwenye ujasiri wa kubisha. Bodi za maji za nchi tatu zinaweza kuipigia kila kijiji nguzo mbili, moja ya 1964 na moja ya kiwango cha juu kabisa kilichopimwa tangu 2020, zenye mwaka ulioandikwa kwa herufi za kusomeka na mtoto. Halmashauri zinaweza kukataa kupima kiwanja chini ya nguzo ya juu isipokuwa kwa mwalo, bustani ya msimu au malisho, yaani matumizi ambayo yanaweza kuhama kwa siku moja. Kamishna wa ardhi anaweza kutamka mapema kwamba ardhi itakayofichuliwa ni ya kijiji kwa matumizi hayo tu na haitatolewa hati. Haya yakisubiri hadi mchanga uonekane, patakuwa tayari na uzio.